Vuli Inapofika Buswelu

Katika Kiswahili cha leo neno vuli linabeba maana mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja, na anayetaka kujua la kufanya katika jiji la Mwanza kati ya Oktoba na Desemba hana budi kuanza kwa kuzitenganisha. Maana ya asili ni ile ya mvua fupi zinazonyesha miezi hiyo katika sehemu za Afrika Mashariki zenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka, mvua zinazotofautishwa na masika, yaani mvua ndefu za Machi hadi Mei. Maana ya pili imeletwa na tafsiri. Vitabu vya jiografia, hadithi zilizotafsiriwa na taarifa za habari zinapotaka kutaja ule msimu wa nchi za kaskazini ambao majani ya miti hubadilika rangi, yakakauka na kupukutika kabla ya baridi kali kuingia, huazima neno hilohilo kwa sababu miezi inakaribiana. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Buswelu, mojawapo ya sehemu za Mwanza, anaweza kusoma darasani kuwa vuli ni wakati wa miti kubaki mitupu, ilhali nje ya dirisha la darasa hilohilo nyasi zilizokaushwa na kiangazi zinachipua upya, na mwembe wa uani unazidi kuinamisha matawi kwa uzito wa matunda.

Kwa watu wa pwani neno hili lilihusishwa zaidi na upepo kuliko na majani. Vuli iliangukia tanga mbili, yaani kipindi ambacho upepo wa kusi umechoka na ule wa kaskazi haujashika, mabaharia wakawa hawana uhakika watweke tanga upande gani. Huku Ziwa Victoria, ambalo wenyeji waliliita Nyanza kabla John Hanning Speke hajafika kwenye ufukwe wake wa kusini Agosti 1858 na kulipa jina la malkia wake, hakuna kusi wala kaskazi ya kupeleka majahazi Arabuni na kuyarudisha, lakini kipindi cha mabadiliko kipo na kina nguvu zake. Wasukuma huita mvua mbula, na mtoto aliyezaliwa inaponyesha aliitwa Mabula akiwa wa kiume au Kabula akiwa wa kike. Jamii inayowaita watoto wake kwa jina la mvua haiwezi kuihesabu vuli kuwa msimu wa huzuni.

Hoja ya mazungumzo haya ni kwamba jiji la Mwanza, pamoja na kuwa na wakazi zaidi ya milioni moja likihesabiwa pamoja na Manispaa ya Ilemela, bado linaishi kwa saa ya mvua, ya mwezi na ya upepo wa ziwani, na kwamba mambo yaliyo mazuri zaidi kuyafanya ndani yake wakati wa vuli ni yale yanayoifuata saa hiyo. Orodha nyingi za starehe za miezi hii ambazo vijana huzisoma kwenye simu zao zimetungwa kwa ajili ya miji yenye vuli ya maana ya pili, na anayezifuata akiwa Buswelu atatafuta vitu ambavyo havipo na kuvipita vilivyopo.

Miji hiyo ya mbali haistahili kudharauliwa, hasa kwa kuwa miwili kati yake ni ndugu wa Mwanza kwa mkataba: Würzburg ya Ujerumani, iliyoanza uhusiano huo mwaka 1966, na Tampere ya Ufini. Katika Würzburg msimu huu ni wa kuvuna zabibu kwenye miteremko ya mto Main na kuonja divai mpya, na katika Tampere, mji uliojengwa kati ya maziwa mawili, ni wa kwenda msituni kutazama majani yaliyogeuka manjano na mekundu, rangi ambazo Wafini wana neno lake maalumu, ruska. Majani hayo hugeuka kwa sababu siku zinafupika: mti unapohisi mwanga umepungua, huacha kutengeneza ile rangi ya kijani inayonasa nguvu za jua, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa chini yake ikajitokeza. Mwishoni mwa Novemba mchana wa Tampere haufikishi saa saba. Kwa hiyo karibu kila jambo linalofanywa na watu wa huko katika miezi hiyo, iwe ni matembezi ya msituni au kikao cha sauna, yaani chumba cha mvuke cha kujipasha joto, ni namna ya kuliaga jua.

Mwanza haina sababu ya kuliaga. Jiji liko takriban nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na hapo tofauti ya urefu kati ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kuliko yote haifiki nusu saa. Zaidi ya hayo, siku za mwisho za Septemba, wakati Würzburg na Tampere zinaanza kulipoteza jua, jua hilo huwa limesimama utosini mwa Mwanza saa sita ya mchana likiwa katika safari yake ya kwenda kusini. Linapokwenda hufuatwa na ukanda ambamo pepo kutoka kaskazini-mashariki na zile za kusini-mashariki hukutana. Hewa iliyobanwa katika makutano hayo hupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo maana mti ambao mgeni angeutafuta Mwanza kwa kudhani atauona ukipukutisha majani huwa unafanya kinyume chake. Mkrismasi, ambao umepandwa kando ya barabara na nyuani mwa ofisi nyingi za kanda hii, huanza kuwaka maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka, na jina lake limetokana na kuchanua kwake karibu na sikukuu ya Krismasi. Wekundu upo katika vuli zote mbili, ila huku Mwanza ni wekundu wa ua linalofunguka.

Ziwa nalo huongeza kazi yake juu ya ile ya ukanda wa pepo. Eneo lake la takriban kilomita za mraba 68,800 linatosha kutengeneza hali ya hewa ya peke yake, na mpangilio wake hauna budi kueleweka kwa mtu yeyote anayepanga matembezi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake ikapanda, na upepo wenye unyevunyevu ukavuma kutoka ziwani kuja kujaza nafasi, hivyo mawingu hujikusanya juu ya vilima kuanzia alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, upepo huvuma kutoka kila ufukwe kwenda majini, na pepo hizo zinapokutana katikati ya ziwa huzaa radi na dhoruba ambazo mara nyingi hufikia ukali wake kabla ya mapambazuko. Kwa mkazi wa mjini maelezo haya ni ratiba kamili, kwa kuwa yanamwambia kuwa vilima hupandwa asubuhi, na kwamba safari ya chombo kidogo ziwani inataka taarifa ya upepo na mawimbi inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kutaka nauli.

Kumbukumbu za ziwa hili zinafanya onyo hilo liwe zito. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na makaburi ya wengi wa waliokufa yako Igoma, mwendo mfupi kutoka Buswelu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha. Ajali hizo mbili hazikuwa kazi ya vuli, kwani katika zote mbili wingi wa abiria na mizigo ulitajwa, lakini familia zilizopoteza ndugu zinajua kuwa jaketi la kuokolea maisha halivaliwi kwa sababu ya hofu, huvaliwa kwa sababu ya heshima kwa maji.

Buswelu yenyewe iko upande wa nchi kavu, mbali kidogo na ufukwe, katika Manispaa ya Ilemela iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya Jiji la Mwanza kugawanywa, na ndipo yalipo makao makuu ya manispaa hiyo. Ni sehemu ambayo mji bado unaingia shambani: nyumba mpya za bati la rangi zimepanda katikati ya miamba, na kati ya nyumba na nyumba kuna kiwanja ambacho mwenyewe hajakijenga. Mvua ya kwanza ya vuli inaponyesha, viwanja hivyo hugeuka mashamba kwa siku chache tu. Mahindi na maharage hupandwa hadi kwenye ukuta wa jirani, na asubuhi ya Jumamosi mtumishi wa ofisi, dereva wa bodaboda na mama muuza vitenge huonekana wote wameshika jembe. Kilimo hiki cha uani kinastahili kuwekwa juu kabisa katika hesabu ya mambo ya kufanya mjini wakati huu, kwa sababu ni burudani na ni chakula, na kwa sababu ndicho kinachowakutanisha majirani ambao ukuta wa matofali ulikuwa umewatenganisha mwaka mzima. Pamoja nacho huenda kazi ya kuvuna maji, yaani kuweka mifereji ya bati kwenye paa ili mvua iingie katika tangi badala ya kukimbia barabarani ikichimba makorongo, na kazi ya kupanda miche ya miti, ambayo ikipandwa mwanzoni mwa vuli hupata miezi miwili au mitatu ya kushika mizizi kabla ya jua la Januari.

Kwa Wasukuma wa zamani, na kwa wengi wa vijijini hadi leo, msimu huu ulikuwa pia na ngoma yake. Bugobogobo ni ngoma ya jembe: kikundi cha vijana kililima shamba la mwenzao kwa mstari mmoja, mpigaji ngoma akiwa mbele au pembeni, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na kadiri mdundo ulivyoharakishwa ndivyo shamba lilivyoisha. Mashindano makubwa ya ngoma, yale yanayovuta umati, ni ya kiangazi baada ya mavuno. Katika Bujora, kwa mfano, sikukuu ya Bulabo hufanyika mnamo Juni. Vuli ngoma hutoka uwanjani ikarudi shambani ilikotoka. Hata hivyo Bujora ni mahali pa kutembelewa wakati huu, labda kuliko wakati wa umati. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo, karibu na Kisesa kwenye barabara ya kwenda Musoma, yalianzishwa kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee na wasanii Wasukuma, naye aliona kwamba imani mpya haikulazimika kuingia kwa kuzichoma ngoma za zamani. Mtu wa Buswelu hufika huko kwa kupitia Nyamhongolo na Igoma, na siku ya mvua, watalii wakiwa wachache, anaweza kuzitazama ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi, bila kuharakishwa.

Chakula cha msimu nacho kina mantiki yake. Oktoba na Novemba ni miezi ambayo ghala la mkulima linaelekea kuwa tupu huku shamba jipya likiwa halijatoa kitu, na Usukuma ulijiandaa kwa pengo hilo kwa kukausha. Viazi vitamu vilivyovunwa kiangazi hukatwa vipande vibichi na kuanikwa vikaitwa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa vikaitwa matobolwa. Michembe hupikwa, matobolwa hutafunwa vilevile vilivyo, pamoja na karanga au kikombe cha chai. Kuna nyumba za mjini zinazoona aibu kumwandalia mgeni michembe kwa kuihesabu kuwa chakula cha njaa, na ni aibu isiyo na msingi wowote, kwa kuwa kiazi hicho kilichokaushwa kwa jua la Agosti ni matokeo ya maarifa ya uhifadhi ambayo watu walikuwa nayo kabla ya jokofu. Wakati huohuo maembe yanaanza kujaa kwenye matoroli. Na baada ya mvua kubwa ya kwanza, ardhi ikiwa imelainika, kumbikumbi, yaani mchwa wenye mabawa wanaotoka kichuguuni kwenda kuanzisha makazi mapya, huruka kwa maelfu kuelekea taa za nyumba, watoto wa Buswelu wakawakusanya kwenye beseni la maji ili wakaangwe kwa chumvi.

Kutoka ng'ambo ya ziwa huja jambo jingine la msimu. Senene, aina ya panzi wa kijani au wa kahawia anayesafiri usiku kwa makundi makubwa, hutokea kwa wingi katika nchi ya Wahaya na Uganda ya kusini mnamo Novemba na Desemba, na heshima yao ni kubwa kiasi kwamba kwa Kiganda mwezi wa Novemba huitwa Museenene. Huvutwa na taa kali, hugonga mabati yaliyosimamishwa na kuteleza hadi ndani ya mapipa, kisha hunyonyolewa mabawa na miguu na kukaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Mwanza huwapata kwa njia ya bandari: meli iliyong'oa nanga Bukoba jioni huingia asubuhi, na miongoni mwa mizigo ya abiria huwamo ndoo na mifuko ya senene wanaopelekewa ndugu au wanaouzwa papo hapo. Kwenda bandarini asubuhi ya Novemba, hata kwa mtu asiyesubiri mgeni, ni kuona namna ziwa linavyounganisha meza za watu wasiofahamiana.

Soko la Mwaloni, Kirumba, ni kisa kirefu zaidi. Mwalo ni sehemu ya ufukwe ambapo mitumbwi hutua na samaki hupakuliwa, na mwalo wa Kirumba umekua hadi kuwa soko ambalo wanunuzi wake hutoka Kongo, Rwanda, Burundi na kwingineko. Sangara, samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ndiye aliyejenga viwanda na biashara ya minofu ya ng'ambo, lakini dagaa ndiye anayelisha nyumba nyingi zaidi, na dagaa ndiye anayeumizwa na vuli. Huvuliwa usiku kwa taa: zamani karabai za mafuta, siku hizi zaidi taa za betri na za nguvu ya jua, ambazo huelea juu ya maji zikiwavuta dagaa hadi chini ya wavu. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi hubaki nchi kavu kwa siku kadhaa wavuvi wakishona nyavu.

Dagaa waliovuliwa huanikwa juu ya mchanga, juu ya mawe au, kwa walio na uwezo, juu ya vichanja vya wavu, na jua la siku moja la kiangazi linatosha kuwakausha. Vuli inaivunja hesabu hiyo. Mvua moja ya saa nane mchana ikiwakuta bado wabichi, mali huanza kunuka, bei yake hushuka hadi ya chakula cha kuku, na mwanamke aliyekopa mtaji wa kununulia dagaa hao hubaki na deni. Wengi wa waanikaji ni wanawake. Mtu anayekwenda Mwaloni wakati wa vuli kununua dagaa wa nyumbani anafanya vyema kukagua ukavu wao na kukubali kulipa zaidi kwa wale waliokaushwa juu ya kichanja, maana kichanja huwaweka mbali na mchanga na maji, na bei hiyo ya juu ndiyo inayomwezesha mwanikaji mwingine naye kujenga chake.

Usiku wa giza huleta pia jambo la kutazamwa ambalo Mwanza inalo bila kulilipia. Kutoka vilima vya Isamilo, Bwiru au Capri Point, baada ya mvua ya alasiri kusafisha vumbi na moshi wa kiangazi, taa za wavuvi wa dagaa huonekana zimetanda majini mbali sana, safu juu ya safu, kiasi kwamba mgeni hudhani ng'ambo kuna mji mwingine. Hakuna mji. Ni watu wazima na vijana walioketi ndani ya mbao chache juu ya maji meusi, wakisubiri, na mwenye kutazama anapojua hivyo uzuri wa taa hizo humgusa kwa namna nyingine.

Asubuhi za vuli zinafaa kwa mawe. Mwanza huitwa Jiji la Miamba kwa sababu limejengwa juu ya matale, yaani miamba migumu ya asili ya moto iliyopoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita na kufichuliwa polepole na mmomonyoko hadi ikabaki imebebana kama mizigo. Jiwe la Bismarck lililo karibu na kivuko cha Kamanga, ambalo bado lina jina la kansela wa Ujerumani kutoka enzi ya ukoloni, ni moja tu kati ya mengi. Juu ya mawe hayo huota jua mjusi ambaye sayansi ilimpa jina la jiji hili, Agama mwanzae, ambaye dume lake lina kichwa na mabega ya wekundu wa waridi na mwili wa buluu. Kwa kuwa mijusi hawa huhitaji jua ili miili yao ipate joto, saa nzuri ya kuwaona ni ile ambayo wingu la usiku limepasuka na jiwe limeanza kukauka. Mahali rahisi pa kufanya hivyo ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyo umbali wa dakika chache kwa boti kutoka mjini. Kisiwa kilichukua jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyeishi hapo kabla ya serikali kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kwa eneo la kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yake ndicho hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini. Humo pimbi hukaa juu ya mawe, tumbili kwenye miti na swala kwenye nyasi ambazo vuli imezirudishia kijani, na yote hayo mbele ya majengo ya jiji.

Kalenda ya umma nayo ina siku zake. Tarehe 14 Oktoba ni kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1999, na ndiyo siku ambayo mbio za Mwenge wa Uhuru hufikia kilele. Mwaka 2024 kilele hicho kilifanyika Mwanza katika uwanja wa CCM Kirumba. Uwanja huohuo katika miezi hii huwa na mechi za ligi, na tangu Pamba Jiji iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 wapenzi wa mpira wa jiji wamepata tena sababu ya kubishana wakiwa kwenye daladala. Vyuo hufunguliwa, wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino huonekana Malimbe wakiwa na magodoro vichwani, na Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililozinduliwa Juni 2025, limeifanya safari ya Sengerema kuwa ya dakika, mahali ambapo msafiri alikuwa akisubiri kivuko akiitazama mvua ikija juu ya ghuba.

Katika hesabu yote hii kuna kitu kimoja kinachopungua, nacho ni ufukwe wa kukaa bila kununua chochote. Mwanza imezungukwa na maji, lakini familia ya Buswelu yenye watoto wanne na nauli ya kwenda na kurudi ikifika ziwani hukuta ama ukuta, ama geti, ama meza ambayo sharti lake ni kuagiza soda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Lengo la sheria hiyo ni kuyalinda maji na viumbe vyake, wala haikuandikwa kwa ajili ya matembezi ya Jumapili. Lakini ukanda unaoachwa wazi kwa ajili ya samaki unaweza pia kuwa na kijia cha miguu, mabenchi ya mawe na kivuli cha miti, na Ilemela, ambayo bado ina fukwe zisizojengwa kuelekea Igombe, ina nafasi ya kulifanya hilo kabla viwanja havijafika majini. Tampere ndugu yake ina njia za miguu za wazi kando ya maziwa yake, na mtu maskini na tajiri hupita humo bila kuulizwa. Hili ni jambo ambalo madiwani wa Mwanza wangeweza kulijifunza kutoka kwa undugu huo.

Wakati huohuo fukwe hizo zina wageni ambao hawajazuiwa na geti lolote. Mbayuwayu, ndege wadogo wenye mkia uliogawanyika kama mkasi, ambao hujenga viota kwenye mazizi na mabanda ya Ulaya, huondoka huko baridi inapoanza na wadudu wanapoadimika, huvuka jangwa la Sahara, na kuanzia Septemba na Oktoba huonekana katika Afrika Mashariki, wengine wakibaki na wengine wakiendelea kusini. Kwenye ukingo wa ziwa huwakuta wale wadudu wadogo wa majini ambao huibuka kwa mamilioni na kupanda angani kama nguzo za moshi, wakawala wakiwa hewani asubuhi na jioni. Hivyo msimu wa kupukutika majani hufika Mwanza kwa mabawa yao, na anayesimama ufukweni Igombe baada ya mvua, wavu wa dagaa ukiwa umeanikwa nyuma yake, anaweza kuwahesabu wakipita chini sana juu ya maji, karibu kuyagusa, kabla wingu la alasiri halijafunika jua.